Mashapo ya Yona

Alhamisi asubuhi, kabla majiko hayajawashwa, Frida aliitoa chupa kwenye rafu ilipokuwa imelala, akaisimamisha wima juu ya meza ya stoo, kati ya ndoo ya mawese na gunia la mchele. Mvinyo mwekundu uliozeeka huwa na mashapo, na chupa ikilala muda mrefu mashapo yake hujitandaza ubavuni. Inatakiwa isimame siku moja au mbili yateremke yote, la sivyo mgeni atakunywa tope. Frida aliyajua hayo kwa sababu ndiyo kazi aliyosomea Arusha. Aliifunika kwa kitambaa cha jikoni isipigwe na mwanga wa dirishani, akaenda kupanga vijiko.

Aliporudi, chupa ilikuwa inapumua.

Haikuwa na haraka. Ilivuta pumzi, ikaishikilia kidogo, kisha ikaitoa kwa mluzi mwembamba kama wa mlango usiofunga vizuri. Mariana, mpishi, alikuwa amekaa kwenye kigoda akipara migebuka. Alisikiliza bila kuweka kisu chini.

"Waini yako inakoroma," alisema.

"Ni Yona. Pua yake ilivunjwa na kasia akiwa kijana. Tangu hapo analala hivyo."

"Basi nifunge dirisha. Upepo wa ziwa asubuhi si mzuri kwa mtu aliyelala."

Akalifunga, akarudi kwenye samaki wake.

Yona alikuwa mume wa Frida, na nahodha wa boti la Bwana Bonaventura. Boti hilo lilizama mbele ya Gombe mchana kweupe, likitoka Kibirizi kwenda Mwamgongo, miaka kumi na miwili iliyopita, na watu wengi walikufa. Waliopatikana walizikwa. Yona hakupatikana, kwa sababu Tanganyika ni ziwa refu kwenda chini kuliko milima inavyopanda juu yake, na kinachozama pale hurudi kikitaka chenyewe. Iliundwa kamati, mwenyekiti wake Mzee Alphonce. Kamati ilikaa, ikanywa chai, ikatangaza kwamba nahodha alikuwa amelewa. Yona hakuwahi kuonja hata pombe ya ndizi ya harusini, na wote waliokaa kwenye kamati ile walilijua hilo, lakini wanasema mwenye nguvu mpishe, na wajane hawana nguvu. Bwana Bonaventura alimhurumia Frida, akampeleka Arusha kusomea kazi ya hoteli na mambo ya mvinyo, akampa ukumbi wa chakula wa hoteli yake pale juu ya ziwa ausimamie. Mji mzima ulimsifu kwa moyo wake.

Kwa akina Yona, mtu ambaye ziwa limekataa kumrudisha huzikwa mgomba. Hukatwa shina lenye urefu wake, likachongwa tundu kifuani, na ndani ya tundu hutiwa kitu kilichotoka mwilini mwake: nywele, ukucha, au kipande cha shati lenye jasho lake. Kisha shina huvishwa nguo zake na kuliliwa kama mtu. Frida hakuwa na cha kutia. Asubuhi ile Yona alipoondoka, Frida alikuwa amebeba nguo zote za mumewe kwenda ziwani, shuka na foronya pia, akazipiga kwa sabuni ya mche mpaka zikanuka sabuni tupu. Alikuwa mke msafi, na hakuna jambo alilolijutia zaidi maishani mwake.

Ndugu walishauri mgomba uzikwe hivyo hivyo. Marsiana, mama yake Yona, alikataa.

"Mgomba usio na mtu ni mgomba tu," alisema. "Mnataka nizililie ndizi?"

Sasa Marsiana alikuwa mzee, miguu imevimba, na hakutoka tena nyumbani kwao Buzebazeba ila kukaa kibarazani. Kila asubuhi Frida alipompa uji, alimwuliza kama ziwa limesema lolote. Alitaka kumzika mwanawe kabla yeye mwenyewe hajazikwa, kwa sababu mama hawezi kuingia ndani akamwacha mtoto nje. Alikuwa hataki kitu kingine chochote, na Frida vilevile.

Chupa ilipatikana na Nehemia, mvuvi wa dagaa wa Mwamgongo, ndani ya wavu wake, katikati ya dagaa. Kule Mwamgongo, kitu kilichotoka ziwani kikiwa na mwenyewe anayejulikana hurudishwa kwa mwenyewe, iwe kasia, iwe sufuria, iwe mtu. Na kila mtu alijua ni nani aliyepoteza kreti mbili za mvinyo kwenye boti lile. Bwana Bonaventura alikuwa amezinunua Bujumbura kwa ajili ya jubilei ya ndoa yake iliyopangwa kufanyika Mwamgongo, na kwa miaka yote hiyo alikuwa akizitaja kwa majina ya shamba na mwaka wake, sauti ikimtetemeka. Nehemia alimletea chupa, akapewa sukari kilo mbili. Wajane wa Mwamgongo waliposikia, walimwomba awe anatupa wavu mahali palepale. Aliwaambia anatupa hapo kila giza la mwezi, na kwamba chupa zinakuja zinapotaka.

Bwana Bonaventura hakuwa mtu wa kunywa ovyo. Aliupenda mvinyo kwa adabu, kama watu wengine wanavyopenda ng'ombe. Aliigeuza chupa mkononi, akasafisha ukoko wa ziwa kwa kidole gumba, akaitazama kwenye mwanga wa dirisha. Rangi ilikuwa imeanza kuelekea ya tofali kama inavyotakiwa.

"Kule chini ni giza, na joto halibadiliki," alimwambia Frida. "Hakuna stoo nzuri kama ile dunia nzima. Tutainywa Jumamosi. Jumatatu boti jipya linaanza safari, nataka kulibariki."

"Inapumua, Mzee."

"Waini iliyo hai hupumua. Ndiyo raha yake."

Siku zile mbili Frida alilala hotelini. Aliweka kiti stoo, akakaa karibu na meza. Hakusema na chupa kwa sababu mtu aliyelala haongeleshwi, lakini mara moja, mluzi ulipokatika kwa muda mrefu kuliko kawaida, alinyoosha mkono akaigusa begani kidogo, kama alivyokuwa akifanya kitandani, na pumzi ikaendelea. Alifurahi sana, na aliona haya kwa kufurahi.

Jumamosi jioni, jua likiwa bado juu ya milima ya Kongo, walikaa mezani watu watatu: Bwana Bonaventura, mkewe Bi Catherine, na Mzee Alphonce, ambaye tangu kamati ile hakukosa mwaliko hata mmoja. Mpishi Mariana alikuwa ametengeneza nyama ya ng'ombe ya kuchoma taratibu, bila pilipili, maana pilipili huufunga mvinyo mdomo.

Frida aliileta chupa bila kuitikisa, akitembea kama mtu aliyebeba mtoto aliyepata usingizi kwa shida. Kigoma ni mji wa joto, kwa hiyo alikuwa ameiviringisha kitambaa kibichi tangu mchana. Aliikata karatasi ya shingoni chini ya mdomo, akaufuta mdomo, akakizungusha kizibuo polepole kwa sababu kizibo kilikuwa kimelainika kama mkate uliolowa. Kilitoka kizima. Alikinusa, kama kazi inavyodai. Kilinuka shingo ya Yona, mahali pa nyuma, chini ya sikio.

"Kimeharibika?" aliuliza Bwana Bonaventura.

"Hapana, Mzee. Kiko sawa."

Akawasha mshumaa, akauweka mezani, akaanza kuumimina mvinyo kwenye jagi la kioo, shingo ya chupa ikiwa juu ya mwali ili aone mashapo yanapokaribia. Mtu anayemimina hatakiwi kusita wala kurudi nyuma. Ukirudisha mkono, mashapo yanatibuka. Mvinyo ulipita mbele ya mwali ukiwa safi, mwekundu wa tofali. Kisha uzi mweusi ulianza kuja kutoka begani mwa chupa. Katikati ya uzi huo palikuwa na ukucha wa kidole gumba, wenye ufa upande mmoja, mahali nyundo ilipompiga Yona siku wanaezeka jiko. Frida aliinua mkono, akaacha kumimina. Yalibaki mashapo ya vidole viwili chini ya chupa. Aliisimamisha chupa nyuma yake, kwenye meza ya pembeni.

Pumzi sasa ilikuwa ikitoka kwenye jagi.

Mvinyo wa umri ule hauachwi wazi muda mrefu, kwa sababu nguvu zake ni chache na hewa huzimaliza. Frida alimimina mara moja, theluthi ya kila glasi. Bwana Bonaventura aliizungusha glasi yake, akaingiza pua, akafumba macho. Wenzake walimfuata.

"Zambarau zilizokauka," alisema.

"Mimi napata ngozi," alisema Bi Catherine. "Kiatu cha zamani. Na udongo wa msituni mvua ikikatika."

"Tumbaku," alisema Mzee Alphonce, ambaye alisema tumbaku kila mara.

Wakanywa. Wakakaa kimya na mvinyo mdomoni, kama walivyofundishwa na mwenye nyumba. Kwa mbali, ufukweni, watu walikuwa wanavuta mtumbwi mchangani.

"Sasa unafunguka," alisema Bwana Bonaventura. "Napata dizeli."

"Na kamba ya boti iliyolowa," alisema mkewe. "Na watu wengi. Kuna mtoto amekula chungwa."

"Mimi napata mtu anasema, 'Mzee, rudisha majaketi ya kuokolea, watu wamezidi,'" alisema Mzee Alphonce.

"Ngoja, hilo linakuja katikati ya ulimi. Halafu napata mimi." Bwana Bonaventura aliinua kidole ili wasimharakishe. "Ndiyo. Nasema, 'Toa majaketi, weka kreti humo chini. Waini haiwezi kupigwa jua, majaketi yanaweza.' Ni kweli, nilisema hivyo. Tuliyaacha Kibirizi ufukweni, juu ya mawe. Uongo hauwezi kukaa kwenye waini nzuri, ndiyo maana naipenda."

"Mwisho wake mrefu," alisema Bi Catherine.

"Mrefu sana. Bado anaita."

Frida alisimama nyuma ya viti, kitambaa mkononi. Maneno aliyoyabeba miaka yote yalikuwa yamepata mahali pa kutokea. Mhudumu haongei na wageni asipoulizwa. Aliongea.

"Kwa hiyo hakuwa amelewa, Mzee Alphonce."

Mzee Alphonce alikunywa funda jingine, akalitembeza shavuni, akalimeza.

"Hapana," alisema. "Hilo halimo kabisa. Nimelitafuta."

"Utawaambia watu?"

"Mwanangu, mambo ya mezani huishia mezani. Kamati ilishafunga kazi yake. Mimi siwezi kuifungua kwa sababu ya glasi moja."

Alisema kwa upole wa kweli, na aliiweka glasi mbele yake ajaziwe. Frida alimjazia. Aliwamiminia wote mpaka jagi likaisha, na kadiri jagi lilivyopungua, mluzi nao ulipungua ndani yake, ukahamia kwao. Walipomaliza nyama, pua ya Bwana Bonaventura ilikuwa inapiga mluzi mwembamba kila alipotoa pumzi, na ya Bi Catherine, na ya Mzee Alphonce. Waliusikia, wakakohoa kidogo, wakaendelea kuongea habari za injini ya boti jipya.

Kisha Bwana Bonaventura aliitazama chupa pale pembeni.

"Kuna kilichobaki humo. Nimiminie."

Yona mzima aliyebaki duniani alikuwa kwenye ile chupa.

"Ni mashapo, Mzee."

"Najua. Leo nataka yote."

"Mashapo hayamiminwi," alisema Frida. "Yanachafua ulimi. Utakumbuka tope, utasahau waini. Wewe mwenyewe ndiye uliyenifundisha hilo kabla Arusha haijanifundisha."

Bwana Bonaventura aliirudisha glasi yake mezani. Alikuwa mtu ambaye angeweza kuacha majaketi kwenye mawe, lakini hangeweza kunywa mashapo mbele ya wageni.

"Kweli," alisema. "Asante kwa kunikumbusha. Yamwage."

"Ego, Mzee," alijibu Frida, akiitikia ndiyo kwa Kiha, akaichukua chupa, akaenda nayo nyumbani.

Marsiana alikuwa macho. Frida aliiweka chupa mapajani mwake. Mama yule aliinusa, kisha akaingiza kijiti chembamba, akautoa ukucha, akaushika kwenye mwanga wa taa na kupitisha kidole chake juu ya ule ufa.

"Ni yeye," alisema. "Ameongezeka uzito kidogo." Akaulaza ukucha kwenye kiganja, akaanza kulia taratibu kwa Kiha, maneno ambayo alikuwa ameyaweka tangu siku boti lilipozama, na Frida alikaa chini, kichwa kwenye magoti ya mkwewe, akalia naye.

Walizika Jumatatu, nyuma ya nyumba. Majirani walikuja wengi, Wakristo na Waislamu, hata wazee wa Ujiji waliomfahamu baba yake Yona. Mgomba ulikatwa urefu wa Yona, ukavishwa suruali yake na shati lililofuliwa. Marsiana mwenyewe alitia ukucha tunduni, na Frida akamimina mashapo. Shina liliyanywa yote bila kumwaga hata tone. Baada ya hapo wanaume wanne walioliinua waliomba wa tano na wa sita, kwa sababu lilikuwa zito kama nahodha.

Bwana Bonaventura alifika na Mzee Alphonce, moja kwa moja kutoka Kibirizi, ambako boti jipya lilikuwa limeondoka salama. Waliketi mbele. Frida alimchukia Bwana Bonaventura kuliko alivyowahi kumchukia mtu yeyote, lakini mluzi wa mumewe ulikuwa unatoka puani mwake, kwa hiyo alivuta kiti karibu naye akakaa.

Shina liliposhushwa na udongo wa kwanza kurushwa, harufu ilianza kupanda. Ilikuwa harufu ya mvinyo, mzito, wa zamani. Ilipita chini ya turubai la waombolezaji, ikaingia kwenye khanga na kanzu, ikafika mpaka barabarani. Mashekhe wa Ujiji walihama kimyakimya wakaketi upande upepo unakotoka. Wanawake walitazamana.

"Miaka yote hii, na bado ananuka," alisema mmoja. Hakusema kwa ubaya.

"Lisemwalo lipo," alisema mwingine.

Frida alisimama. Alisema kwa sauti ambayo kila mtu aliisikia kwamba Yona hakuwa mlevi, kwamba aliomba majaketi yarudishwe, na kwamba yaliachwa Kibirizi ili kreti zikae kivulini. Alisema pia ni nani aliyeyatoa. Waombolezaji walimsikiliza mpaka mwisho kwa heshima, kama mjane anavyosikilizwa siku ya mazishi. Wengine waliitikia kwa kichwa. Kisha wakageuza macho kwa Mzee Alphonce, aliyekuwa mwenyekiti, kuona atasemaje. Mzee Alphonce alitoa leso akapenga, pua ikapiga mluzi, akairudisha leso mfukoni. Harufu iliendelea kupanda, tamu na nzito, na hakuna aliyekuwa na neno la kuishinda. Watu walimpa Frida pole mmoja mmoja. Kuna mama aliyemshika mkono akamwambia asione aibu, kwani nyumba nyingi zina mtu kama huyo.

Marsiana hakuona aibu. Alikuwa ameketi kwenye mkeka pembeni ya kaburi, kiganja juu ya udongo, uso umetulia. Mwanawe alikuwa ndani sasa. Mengine aliwaachia wenye miguu.

Wengi walipokwisha ondoka, Bwana Bonaventura alibaki. Alipiga goti moja kandoni mwa kaburi, akachota udongo kidogo, akaunusa, macho yakiwa yamefumbwa. Alipofumbua, macho yalikuwa na machozi ya kweli.

"Waini hii ingeweza kukaa miaka kumi mingine," alisema.

Akainuka, akatazama juu. Migomba ilikuwa imekatwa upande ule ili kupata nafasi ya kuzikia, na saa nane ya mchana jua lilikuwa linalipiga kaburi bila kizuizi. Alitikisa kichwa, akamwita dereva wake, akamwambia akimbie Kibirizi, boti likirudi alivue lile turubai la abiria alilete hapa pamoja na nguzo zake.

"Kitu kizuri namna hii hakipigwi jua," alimwambia Frida.

"Asante, mwanangu," alisema Marsiana kutoka mkekani. "Mungu akuzidishie."

Dereva alirudi na turubai jipya, la bluu, bado lina mikunjo ya dukani. Alichimbia nguzo mbili za upande wa ziwa peke yake. Za upande wa nyumba hazikusimama, maana upepo uliyumbisha turubai kila alipoachia. Bwana Bonaventura alimtazama Frida, na Frida akaja akashika nguzo moja kwa mikono miwili, imara, mpaka ikashindiliwa.